Hema Lililoshonwa Hadi Mlangoni

"Maji yalipoingia shimoni kwangu na kuwachukua wanangu, nyinyi mlikuwa wapi?"

Sange aliuliza hivyo mbele ya baraza zima la wanyama, amesimama, pua yake inatetemeka. Simba akatazama kucha zake. Nyati akaendelea kutafuna. Fisi akapiga miayo. Baraza likaingia kwenye ajenda iliyofuata, nayo ilikuwa kuwapongeza wajumbe kwa kuvuka masika salama.

Ngojeni kwanza. Nimewavamia kabla ya kuwaamkia. Nitoe?

Toa, tupokee.

Ndefu au fupi?

Ndefu, ila isitulaze.

Ya kweli au ya uongo?

Ya uongo, ituume kama kweli.

Haya, pokeeni. Hapo kale, katika nchi ya mto na miamba, aliishi Sange. Kwa asiyemjua, sange ni mnyama mdogo kama panya, pua ndefu kama mrija, miguu ya mbio. Alikuwa na watoto wachanga shimoni. Masika yakaja, mto ukapanda, maji yakaingia, bubu, bubu, bubu. Alipofika kutoka kutafuta chakula, shimo lilikuwa kisima. Watoto walipatikana kwenye matete, wamelala kama wamechoka.

Nchi ile ina desturi yake ya kuzika. Maiti huviringishwa kwenye mkeka au jani la mgomba, kisha hushonwa. Hushonwa hadi tundu la mwisho. Tundu la mwisho likishafungwa, huyo amekufa, hakuna mjadala tena: watu huketi matanga, na aliyeshonwa hata akisikika anaita, haitikiwi. Walio hai hawaitikii walioshonwa.

Sange aliwashona wanawe kwa mkono wake. Jirani yake, Kobe, alimshikia jani. Fisi naye alifika matangani. Alikula, akafuta mdomo, akauliza kama kuna kilichobaki sufuriani.

Mwaka ukageuka. Sange akawa na mimba nyingine. Tumbo likawa linashuka, na wingu nalo likawa linashuka.

"Shimoni sirudi," alimwambia Kobe. "Safari hii nazalia juu ya mwamba."

"Mwambani hakuna paa, mama."

"Basi nitatafuta paa."

Kunguru ndiye aliyekuwa akiuza vitu vilivyoachwa na binadamu: vikombe visivyo na mikono, viatu vya mguu mmoja, miavuli iliyobaki mbavu. Sange akaenda, Kobe akamfuata, na Nungunungu akaongozana nao kwa sababu yeye humfuata yeyote mwenye safari. Kunguru akawafungulia furushi. Lilikuwa hema la turubai, zito, la kijani, sakafu yake imeshonwa pamoja na kuta kama mfuko mmoja mkubwa.

"Mali ya safari hii, dada," Kunguru akasema. "Imelaliwa na watu wazito."

"Ina matundu."

"Hayo ni madirisha."

"Na huu mpasuko?"

"Dirisha kubwa. Ukitaka giza, dada, kanunue chungu."

Wakachanga karanga zao za akiba, wote watatu, wakalibeba. Njia nzima Nungunungu alilalamika kwamba wameuziwa harufu. Kweli lilinuka. Lilikuwa limekunjwa likiwa bichi, na ukungu ulikuwa umelitia madoa meusi kila pindo.

Sange hakulishona siku ile. Kwanza alilitandaza mwambani jua lilipige. Akalisugua kwa makumbi makavu hadi ukungu ukadondoka. Kisha wakalisimamisha, Sange akaingia ndani peke yake na kutazama juu.

"Kobe," akaita. "Huku ndani naona nyota."

"Mchana huu?"

"Nyingi. Mbingu nzima."

Kila tundu lilikuwa nyota. Kila nyota ilikuwa tone la mvua linalongoja siku yake. Sange aliketi sakafuni akazitazama kwa muda mrefu, mikono tumboni, kisha akasema, "Haya. Tuzizime."

Nungunungu akatoa mwiba wake mmoja, mrefu, mweusi na mweupe, wakautoboa kwenye kitako ukawa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Nyuzi zilikuwa za katani, zimepitishwa kwenye nta ya nyuki ili maji yasizifuate. Tundu dogo lilizibwa kwa nta tupu. Tundu kubwa lilipewa kiraka, na kiraka kilikatwa kikubwa kuliko tundu, pembe zake zikazungushwa, kwa kuwa pembe kali hunyanyuka, na pakinyanyuka pembe, upepo hutia kidole.

Mipasuko ndiyo iliyokuwa na inda. Sange aliwaonya: "Mpasuko una miguu. Usipoufunga pale unapoishia, utaamka kesho umeshafika kwingine." Basi kila mpasuko aliushona hadi mwisho wake, kisha akaupita kidogo, akarudi, akafunga fundo.

Turubai haliwezi kushonwa na mtu mmoja vizuri. Mmoja hukaa nje akachoma, mwingine hukaa ndani akapokea na kurudisha. Sange nje, Kobe ndani.

Chomo. Sriii. Pokea. Rudisha.

Chomo. Sriii. Pokea. Rudisha.

"Unachoma karibu na jicho langu, mama."

"Rudisha nyuma jicho, Kobe."

Chomo. Sriii. Pokea. Rudisha.

Viraka walivikata kutoka kwenye mfuko wa kubebea hema, hadi mfuko huo ukaisha. Katika yale makubwa likabaki moja juu, upande wa kichwani, mahali ambapo moto wa mtu fulani uliwahi kulila turubai. Hakukuwa na kitambaa. Nungunungu akasema labda majani. Kobe akasema majani huoza.

Sange akaondoka bila neno. Aliporudi alikuwa na kipande cha gunia kilicholainika. Ndicho wanawe walichokuwa wakilalia. Kilikuwa kimeelea, ndiyo maana kilibaki. Kobe alikitambua, akasogeza nta. Wakakipaka nta pande zote mbili na kukishona pale juu.

Chomo. Sriii. Pokea. Rudisha.

Walikuwa wamebakiza vitundu vichache tu Fisi alipotokea. Alikuja kwa mwendo wake ule wa mgongo kushuka, akalizunguka hema, akaligonga kwa pua. Akainama, akaingia mlangoni, akajilaza katikati ya sakafu. Puu.

"Kazi nzuri," akasema. "Hema langu limependeza."

Kobe alikuwa bado ndani, ukutani, sindano mkononi. "Lako tangu lini, Bwana Fisi?"

"Tangu nilale."

"Sisi tumelinunua. Sisi tumelishona."

"Nani amekataa? Mimi nasema nimelala. Mkubwa akilala mahali, shauri la mahali hapo limekwisha. Nenda baraza lolote uulize." Akamsukuma Kobe kwa mguu mmoja. Kobe akatoka mlangoni akibingirika, kokolo, kokolo, hadi miguuni pa Sange.

Sange akasogea mlangoni. "Bwana Fisi. Nina mimba. Wingu unaliona. Tulilitengeneza kwa ajili ya watoto."

"Pole, mama mdogo. Zaa pembeni, hapo nje nimekuachia kivuli." Akageuza macho juu. "Ila hiki kiraka cha kichwani kinanuka. Kinanuka uchanga. Kesho mkitoe mtie kingine."

Hapo ndipo pua ya Sange iliacha kutetemeka.

Wakakaa kando ya mwamba, watatu. Nungunungu alitaka kuingia kinyumenyume, miiba mbele. "Ana meno," Kobe akasema. "Twende barazani."

"Baraza lile?" Sange akauliza.

Upepo ulikuwa umeshaanza kunuka mvua.

Sange akainuka, akachukua sindano, akarudi hemani. Sauti yake ilikuwa laini, sauti ya mpangaji mbele ya mwenye nyumba.

"Bwana Fisi, samahani kukusumbua. Kazi haijaisha. Matundu bado yapo, na mvua haijui ukubwa wa mtu. Ukiwa umelala humo ndani, wewe ndiwe unayeyaona. Niambie ziliko nyota, nami huku nje nizizime."

Fisi akafurahi. Hakuna kazi anayoipenda mkubwa kama kuonyesha kidole huku amelala.

"Naona nyota," akasema.

"Iko wapi, Bwana?"

"Kushoto, karibu na nguzo."

Fisi hapokei sindano, hata uzi hashiki. Sange ikambidi ashone kwa nje peke yake, mshono wa kuviringisha, mgumu kwa mtu mmoja, tumbo lake linagonga turubai kila anapovuta. Chomo. Sriii.

"Imezimika. Naona nyota nyingine."

"Iko wapi, Bwana?"

"Nyuma, chini."

Chomo. Sriii.

"Naona nyota."

"Iko wapi, Bwana?"

"Juu ya sikio."

Chomo. Sriii.

Ndani kukawa kunafifia. Kikaja kiza cha alasiri, kikaja kiza cha magharibi, ingawa nje jua lilikuwa utosini. Fisi akanyoosha miguu kwa raha.

"Sasa naona moja tu," akasema. "Kubwa. Inanipiga machoni."

Sange alijua ni ipi. Hata hivyo akauliza, kwa sababu hakutaka baadaye isemwe kuwa hakuuliza. "Iko wapi, Bwana?"

"Mbele. Pale nilipoingilia."

"Hiyo nikiishona, Bwana, hataingia mwingine."

Fisi akainua kichwa. "Hataingia mwingine?"

"Hataingia."

"Hata Kobe?"

"Hata Kobe. Hata Simba akija na mvua mgongoni anasema hodi, hataingia."

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Na mimi je?"

"Wewe si uko ndani tayari?"

Fisi akapima maneno hayo. Hema kavu, yeye katikati, nchi nzima nje inaloa. Utamu ukamjaa mdomoni hadi mate yakamtoka.

"Shona," akasema.

Sange akashona mlango. Alianza chini, akapanda, nyuzi mbili kwa pamoja, chomo karibu na chomo. Alipofika juu aliushona hadi mwisho, akaupita kidogo, akarudi, akafunga fundo. Chomo. Sriii. Halafu kimya. Jii.

"Naona nyota yoyote?" Fisi akajiuliza. Hakuiona. Giza tititi. Akacheka peke yake, akalala.

Nje, Sange alikata uzi kwa jino. Akaweka sindano chini, akafuta mikono. Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akakaa mwambani, akaanza kulia.

Kobe akashtuka. "Mama, uchungu umekuja?"

"Hapana. Tumefiwa."

"Na nani?"

"Na mwenye hema. Kashonwa hadi tundu la mwisho, na wewe umeshuhudia. Desturi ni ya nani? Ya wadogo peke yao?"

Kobe akamtazama. Akatazama hema. Kobe si mwepesi wa miguu, ila akili yake haibebi gamba. Akaketi polepole, akashika tama, akaanza kulia naye. Nungunungu akaenda kuita majirani. Wakaja njiwa, wakaja panya, wakaja pelele, ndio pimbi, kutoka mapangoni, kila mmoja na kuni au kigae cha uji. Waliuliza nani amekufa, wakaambiwa mwenye hema. Walipotazama walikuta hema kweli limeshonwa. Wakaketi. Matanga yakakaa.

Jua likalipasha turubai. Ndani, Fisi akaamka kwa joto. Akaenda kushoto, akagonga ukuta. Akaenda kulia, akagonga ukuta. Akatafuta mlango, akapapasa mshono. Akauma, jino likateleza: turubai lililokazwa ni kama ngozi ya ngoma, halina mahali pa jino kushika. Mwishowe akapata kona moja iliyolegea. Akafungua kinywa. Akasita.

"Nikichana hapa," akawaza, "mvua itaingia."

Akaifumba midomo yake. Hema lilikuwa zuri mno, hakutaka kuliharibu. Ndipo aliposikia vilio.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nje hakuna aliyemjibu. Ila Sange alimgeukia jirani yake. "Kobe, nimesikia kitu."

"Ni upepo, mama."

"Upepo unauliza nani amekufa."

"Tangu lini upepo ukajibiwa? Lakini kama ungejibiwa, ungeambiwa ni mwenye hema."

"Mwenye hema ni mimi!" Fisi akasema.

Wote wakainamisha vichwa. "Mungu ampumzishe," akasema bibi mmoja wa pelele. "Alikuwa akila vizuri."

"Mimi ni mzima. Nasikia joto. Nina njaa."

"Hata marehemu mume wangu," bibi akaendelea kumwambia jirani yake, "siku ya kwanza hakukubali."

Fisi akapiga ukuta kwa bega. Ukuta ukavuma, vuu, ukamrudisha katikati. Nje sauti ya Nungunungu ikauliza kaburi lichimbwe ukubwa gani, na sauti ya Kobe ikajibu: "Alikuwa mkubwa. Usimpunje." Kisha jembe likaanza. Ku. Ku. Ku.

Sasa Fisi aliielewa nchi yake. Aliyakumbuka matanga yote aliyokula. Katika hayo hakuna aliyeshonwa akatoka, na hakuna aliyeita akaitikiwa.

"Mama Sange," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Kuna makosa. Mwenye hema si mimi."

Jembe likasimama.

"Kobe," Sange akasema, "upepo unasema mwenye hema si yeye."

"Basi ni nani? Muulize upepo."

"Ni wewe," Fisi akasema. "Hema ni lako na wenzako. Mlilinunua nyinyi."

"Na nani alilishona?"

"Nyinyi."

"Na wewe ulifanya nini?"

Mbali, radi ya kwanza ikaguruma, nduru, nduru.

"Mimi nililala tu."

Majirani wote waliyasikia maneno hayo. Hapo Sange aliinuka kwa taabu, mkono kiunoni, akaenda mlangoni, akaanza kufumua kwa meno, uzi mmoja mmoja. Kwacha. Kwacha. Nuru ikaingia. Fisi akatoka kwa magoti, amelowa jasho, vumbi puani. Akajikung'uta, akawatazama majirani waliojaa mwambani, akajaribu kurudisha ukubwa wake.

"Hamjambo," akasema.

Hakuna aliyeitikia.

"Nimesema hamjambo."

Kobe aliendelea kukoroga uji. Bibi wa pelele akatazama mawingu.

"Mama Sange, si nimesema hema ni lenu? Waambie waniitikie."

Kwa mara ya kwanza siku ile Sange alimtazama usoni. "Nitakueleza mara moja. Fisi aliyesema hema ni lake tumemshona, tumemlilia, na uji wake umeshanyweka. Matanga hayarudishwi sufuriani. Ukiwa wewe ndiwe yule, umekufa, na wafu hatuwaitikii. Ukiwa siye, hatukujui, wala hatujui umetoka kwa nani. Chagua unalotaka. Kote kuwili njia ni ile kule."

Fisi alitafuta neno la tatu, halikuwapo. Akageuka, mgongo kushuka, akaondoka, na tangu hapo huishi pembezoni mwa nchi za wenzake, analia usiku bila kuitikiwa.

Mvua ilifika jioni ile. Ilianza tii, tii, tii, kisha ikaja yote. Mto ukapanda, mashimo yakajaa, na hema la mwambani likajaa panya, pelele na njiwa waliobanana hadi ukutani, Kobe akiwa mlangoni kama jiwe la kuzuia upepo. Sange alizaa upande wa kichwani, chini ya kile kiraka cha gunia. Usiku kucha aliinua mkono akakipapasa. Kilikuwa kikavu. Kulipokucha aliwapapasa watoto mmoja mmoja, na wote walikuwa na joto.

Ngano haikosi funzo, nami nimepewa funzo la kuwapa. Wazee wa baraza, wale wale waliotazama kucha zao, walilipitisha kwa kauli moja: mdogo amtii mkubwa. Nami siwezi kulipinga. Sange alitii. Aliambiwa azime nyota, akazizima. Aliambiwa ashone mlango, akaushona. Hakuna agizo la mkubwa alilolivunja, hata fundo la mwisho alilifunga kwa heshima zote. Basi, wanangu, watiini wakubwa. Watiini sawasawa, msiwapunguzie hata chomo moja.

Ngano imetoka kwangu, imeingia kwenu. Aliyeipenda aende nayo, aliyechukia aiache hapa hapa sakafuni.

Na wewe uliyekaa kwenye benchi hapo mwisho, naomba kitu kimoja. Huyo mama nyuma yako amesimama na mtoto mgongoni tangu tulipoanza. Sogea kidogo, akae.